Siku Niliyowatuma Wasomaji Wangu Siongiroi

Blogu yangu ilianza kwa sababu dada yangu alikosa mrenda, ile mboga ya kwetu inayoteleza. Alikuwa ameenda nchi za Ghuba kufanya kazi za nyumbani, na jioni moja akanitumia ujumbe wa sauti akilalamika kwamba amepata mrenda mkavu kwenye duka moja la Waafrika, ameupika, na umegeuka gundi ya kubandika viatu.

"Niandikie vile mama alikuwa anapika," akasema. "Andika kila kitu, hata kile unaona ni cha kijinga."

Nikamwandikia kila kitu. Nilimweleza jinsi mama alivyochuja maji ya majivu ya maganda ya maharagwe, jinsi alivyoweka kunde kidogo ili mrenda usiwe mpweke ndani ya sufuria, na kwamba mtu akifunika sufuria hiyo ajue povu litamkimbilia mpaka jikoni kwa jirani. Dada akapika, akala, akawapa wenzake. Wenzake nao wakataka maandishi. Mwisho mwalimu mmoja wa kompyuta tunayesali naye akanifungulia blogu, akanionyesha jinsi ya kuweka picha, nami nikaanza kuandika habari za mboga: managu, saga, mitoo, kunde, majani ya maboga. Nilikuwa na kibanda cha chakula nje kidogo ya mji wa Kericho, na kibanda hicho ningali nacho. Saa nane mvua ikianza kugonga mabati wateja huwa wameshakula na kurudi kazini, kwa hiyo huo ndio ukawa wakati wangu wa kuandika, nimekaa juu ya kreti ya soda, simu mkononi, mikono inanuka kitunguu.

Mimi nimezaliwa huku huku kwenye majani chai. Wazazi wangu walitoka Vihiga, kule magharibi, kuja kuchuma, tukakulia kambini, ile safu ya nyumba za wafanyakazi zilizofanana hata rangi ya milango. Nyuma ya nyumba yetu mama alikuwa na bustani ndogo kama mkeka. Hapo ndipo nilipojifunza mboga. Maziwa sikuyajifunza. Sisi maziwa yetu yalikuwa ya chai tu.

Nasema hivyo kwa sababu wasomaji wangu walipoongezeka niligundua kwamba siko peke yangu. Kulikuwa na blogu nyingine ya chakula cha kwetu, iliyoandikwa kutoka Siongiroi kule Chepalungu. Huyo mwandishi aliandika mboga kidogo, nyama ya kukausha kidogo, na mursik sana. Mursik ni maziwa yanayogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa mkaa wa mti maalumu, na kwa majirani zetu Wakipsigis hakuna furaha inayokamilika bila hayo. Picha zake zilikuwa safi kuliko zangu. Ungeona kibuyu kimesimama juu ya kiti cha miguu mitatu, jua limekiangukia ubavuni, ukatamani kukisalimia. Sura yake mwenyewe hakuwahi kuionyesha. Aliandika tu, "Jikoni kwangu leo," nami nikamchora kichwani kuwa mama mmoja mnene, mtulivu, mwenye leso safi.

Nilimsoma kila wiki. Sikuwahi kumtaja. Hakuna aliyenikataza, ila ndivyo nilivyodhani mambo yanavyokwenda: yeye na chungu chake, mimi na changu.

Kisha akaja bibi harusi.

Aliniandikia chini ya makala yangu ya managu. Alisema wazazi wake ni watu wa Nyeri lakini yeye amezaliwa Kericho mjini, na anaolewa Chebunyo, kule kule Chepalungu. Alitaka siku ya harusi awape wakwe zake mursik aliyoitengeneza kwa mikono yake, bila kumwambia mtu. "Mama, naanzia wapi?" akauliza. "Nimekuamini wewe kwa sababu managu yako ilinitokea vizuri."

Nilimwonyesha mume wangu. Yeye hufanya kazi kiwandani, kwenye mashine za kukausha majani, na ni mtu wa maneno machache.

"Si yule wa Siongiroi ameandika hayo yote?" akasema. "Soma kwake, halafu uandike kwa maneno yako. Kwani mursik ni ya mtu?"

Wazo lilikuwa tamu. Lakini nilijisemea kwamba siwezi kuandika kitu ambacho sijakipika, kwa hiyo Jumamosi nikanunua kibuyu sokoni, nikatafuta vijiti vya senetwet, ule mti wa maua ya manjano, nikavichoma, nikasugua kibuyu ndani kama nilivyosoma. Nikamimina maziwa na kungoja. Siku nilipokifungua, kilichotoka ni maji ya rangi ya moshi yenye mabonge yanayoelea kama sabuni iliyosahaulika kwenye beseni. Mume wangu alikunywa kikombe kizima, kwa heshima ya ndoa. Akaweka kikombe chini taratibu.

"Ikoje?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Inafanana na jiko," akasema.

Nilicheka mpaka nikakaa chini sakafuni, naye akaanza kucheka, na kila tulipotaka kunyamaza mmoja wetu alitazama kile kibuyu tukaanza upya.

Baada ya hapo sikuwa na swali tena. Nilimkumbuka mama akiuza mboga kando ya lango la kambi Jumapili baada ya misa. Walikuwa wamama wengi wamepanga mafungu kwenye magunia, bega kwa bega. Mtu akimwomba mama dania, na yeye hana, alinyoosha mkono bila hata kufikiri: "Nenda kwa yule wa kitambaa chekundu, yake ni ya asubuhi." Yule mteja alikwenda kwa kitambaa chekundu, na wiki iliyofuata alianza kwa mama tena, hata kama anachotaka ni chumvi. Sikumbuki mama akilifanya hilo kama ujanja. Ilikuwa adabu ya soko tu. Mimi sokoni ningeifuata bila kuambiwa, sijui kwa nini nilifikiri kwenye simu mambo ni tofauti.

Nikaandika makala fupi kuliko zote nilizowahi kuandika. Nilisema: "Dada yetu, hilo la mursik silijui. Nimejaribu, na mume wangu amepona. Anayejua yuko Siongiroi. Mimi humsoma kila wiki na sijaona anayeeleza kibuyu kumshinda. Bonyezeni hapa mwende kwake." Nikaweka linki. Nikaituma kabla sijabadili mawazo.

Rafiki yangu wa kanisani, anayeuza nguo za mitumba karibu na stendi, aliiona kabla chakula cha mchana hakijaiva. Alikuja kibandani na mwavuli uliovunjika mbavu.

"Sasa wewe," akasema kabla hajakaa. "Wasomaji si umewachuma mmoja mmoja kama majani chai? Halafu unamwagia mtu mwingine kwa gunia?"

"Waliuliza kitu sikijui."

"Si ungenyamaza! Mimi mteja akitaka koti na sina, namwonyesha sweta. Namsifia sweta mpaka anasahau koti." Akavuta sahani ya maharagwe. "Utaona. Hawarudi hao."

Na kwa kweli kulitulia. Wachache waliandika, "Asante mama, tumeenda," kama watoto wanaoaga. Halafu kimya. Blogu yangu ikawa kama kanisa siku ya Jumatatu. Nilijikuta nafungua simu mara kwa mara, naikuta vile vile, narudi kukatakata sukuma. Sikujuta, lakini siwezi kusema nilikuwa nafurahi. Nilikuwa kama mtu aliyewasindikiza wageni hadi barabarani akarudi kukuta nyumba kubwa kuliko alivyoiacha.

Ndipo simu ikalia. Namba ya kibanda ipo kwenye blogu, kwa hiyo nilidhani ni mtu wa kuagiza chapati.

"Wewe ndiye yule mama wa mrenda?" Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito, na nyuma yake kitu kinanguruma.

"Ni mimi."

"Nataka kujua kwa nini unanitumia watu."

"Watu gani?"

"Watu! Wamejaa. Wanauliza maswali mchana kutwa. Mmoja ameniuliza kama mursik inaweza kukaa kwa friji. Friji! Hiyo plogu yangu ilikuwa imetulia." Alisema "plogu", b ikiwa p kama kwa majirani zetu Wakipsigis, na hapo nikajua ananipigia kutoka wapi. "Nauliza tu kwa amani: unataka nini kwangu?"

"Sitaki kitu," nikasema. "Lakini samahani, wewe ni bwana wa yule mama anayeandika?"

Yale mangurumo yakakoma.

"Mama gani? Ni mimi naandika." Kisha, kwa mtu mwingine, "Mzee, usitingishe kichwa, tafadhali, nitakukata sikio." Akarudi kwangu. "Mimi ni kinyozi."

Ule mngurumo ulikuwa mashine ya kunyolea. Mama wangu mnene mwenye leso aliyeyuka palepale, na nafasi yake akasimama mwanamume anayenyoa watu Siongiroi na kuandika mteja mmoja akitoka kabla mwingine hajaingia. Nilicheka. Akaniuliza nacheka nini, nikamwambia, naye akacheka kwa sauti kubwa hadi yule mzee kwenye kiti akauliza kuna habari gani.

Alinieleza kwamba mama yake alizaa wavulana watupu, na mtu lazima angejifunza vibuyu, kwa hiyo yeye ndiye aliyekaa jikoni. Nilipomweleza habari ya bibi harusi akasikiliza hadi mwisho. Ila bado alikuwa na wasiwasi. Alisema mtu aliwahi kumpigia kujifanya anataka kushirikiana, kumbe anataka picha zake.

"Hakuna mtu hataki kitu, mama," akasema.

"Basi nataka kitu kimoja," nikamjibu. "Nieleze kwa nini yangu ilitoka kama maji ya jiko."

"Kibuyu ulikiosha na kukikausha jua siku ngapi kabla ya mkaa?"

"Nilikiosha asubuhi nikamimina mchana."

Akaguna kwa uchungu wa kweli, kama mtu aliyesikia msiba. Halafu akanifundisha, pole pole, na mashine ikiwa imezimwa, na yule mzee kichwa nusu.

Kabla ya kukata simu akasema, "Hapa sokoni kuna mke wa mtu, ametoka huko kwenu magharibi. Kila akileta mtoto kunyolewa ananiuliza kwa nini siandiki mrenda. Mimi mrenda sijui. Kwangu ni mboga inateleza tu. Sasa nimpeleke kwako?"

"Mpeleke," nikasema.

Alifanya zaidi ya kumpeleka huyo mmoja. Wiki hiyo aliandika makala aliyoiita "Mboga Inayoteleza", akakiri kwamba hajui kitu, akawaambia wasomaji wake kuna mama Kericho anayejua, na akaweka linki. Walikuja kama watu waliotoka ibadani na njaa. Walikuwa watu wa Chepalungu, ng'ombe wengi na maswali mengi. Je, mrenda unapikwa na maziwa? Je, mtu akiula na kimyet, yaani ugali wao mgumu, unashikaje? Wale wangu nao walikuwa wamerudi, na walirudi na habari: huyu amefanikiwa kibuyu, yule kimepasuka, mwingine amekatazwa na mama mkwe kugusa chake. Wengine walianza kuniuliza vitu ambavyo havinihusu kabisa, mikate, samaki, hata jinsi ya kutoa doa la chai kwenye shati jeupe. Mmoja aliandika, "Najua wewe ukikosa jibu utatuambia nani analo." Hilo nililisoma mara nyingi. Nilimsomea mume wangu, akasema, "Mm," ambayo kwake ni hotuba.

Rafiki yangu wa mitumba hakusema alikosea. Aliniuliza tu, akiangalia pembeni, kama kinyozi ameoa. Ameoa.

Harusi ilikuwa mwezi wa mvua kupungua. Bibi harusi alitualika sote wawili, mimi na kinyozi, na akaniomba nije na mboga kwa sababu kamati ya jikoni ya upande wake ilikuwa inajua pilau pekee. Tulipanda pikapu ya shemeji yangu, mimi, mume wangu na rafiki yangu, magunia ya saga na mrenda yamefunikwa majani ya migomba yasinyauke. Tulitoka Kericho na masweta. Kadiri tulivyoshuka chai iliisha, ikaja mahindi, halafu malisho na miti ya miiba na ng'ombe wanaovuka barabara bila haraka, nasi tukavua masweta moja moja. Chebunyo tulifika tumebaki na blauzi.

Kinyozi tulimkuta nyuma ya nyumba ya wakwe, chini ya hema. Alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa aproni yenye maua. Upande mmoja alikuwa na sufuria ya maziwa motoni, upande wa pili ameketisha wajomba wa bwana harusi kwenye benchi, anawanyoa mmoja baada ya mwingine.

"Chamgei," akanisalimia, akanipa kiwiko kwa sababu mkono ulikuwa na povu. "Mama wa mrenda! Nilidhani wewe ni mzee."

"Nami nilidhani wewe ni mama."

"Basi tumedanganyana sawa," akasema, akamgeukia mjomba aliyefuata.

Tulipika asubuhi nzima. Alinionyesha jinsi wanavyochemsha saga na kuiacha ilale kwenye maziwa hadi uchungu uishe makali, nami nikamshikisha mwiko kwenye mrenda. Alipouinua na ukamfuata kama kamba alipiga kelele, wajomba wote wakageuka, mmoja na nusu ya kichwa imenyolewa. Tulibishana kuhusu chumvi. Rafiki yangu alikaa katikati yetu akionja kila upande, na akatangaza kwamba hawezi kuamua, lazima aongezewe kote kote.

Wakati wa zawadi ulipofika, bibi harusi aliingia na kibuyu kimefunikwa kwa kifuniko chenye shanga. Alikuwa amekificha kwa shangazi yake wiki nzima. Watu wakasogea karibu. Alimpigia magoti nyanya yake bwana harusi, kogo kama wanavyomwita, mwanamke mdogo aliyekaa kwenye kiti kikubwa, akammiminia kikombe. Kinyozi karibu yangu alikuwa ameshika mashine yake ya kunyolea kwa mikono miwili.

Kogo akanusa. Akanywa funda moja. Akasema jambo kwa Kikipsigis.

"Anauliza ni mti gani," kinyozi akanong'ona.

"Senetwet," bibi harusi akajibu mwenyewe.

Kogo akanywa tena, akasema jambo refu zaidi. Bibi harusi akanitazama, macho yamejaa.

"Anasema mkaa umezidi kidogo," kinyozi akatafsiri.

Kisha kogo akamaliza kikombe, akakipangusa mdomo kwa kiganja, akakinyoosha aongezewe.

Sijui nani alianza kupiga vigelegele. Nadhani ni rafiki yangu. Hema lote lilisimama. Mama wa bibi harusi, wa Nyeri, ambaye hakujua chochote kuhusu mpango huo, alikuwa analia na kucheka na kuuliza watu, "Amejifunza wapi? Nani amemfunza?" Msichana akatunyooshea kidole, mimi na kinyozi, mmoja ameshika mwiko na mwingine mashine ya kunyolea. Tukavutwa mbele tukacheza. Mume wangu, mtu wa maneno machache, alicheza pia, na anacheza vibaya sana, Mungu ambariki.

"Sasa huyu mtu," rafiki yangu akaniambia tukiwa tunarudi, nguo zetu zinanuka moshi, "huyu ungemficha?"

Nilikuwa nimeshika kibuyu alichonipa kinyozi, kimetayarishwa tayari, na niliogopa kikigonga ubao wa pikapu.

Tangu hapo nina ukurasa kwenye blogu nilioupa jina "Majirani". Kinyozi ndiye wa kwanza, na baada yake wengine wamejaa. Nadhani sasa wapo watu wanaokuja kwangu ili wapite tu waende kwingine, na sina neno nao. Hupita wakisalimia.

Mwezi uliopita nilipata jirani mpya wa Kipkelion. Huyu ni mwalimu wa chekechea, na yeye haandiki maziwa wala nyama. Anaandika mboga, zile zile zangu. Alikuwa ameweka makala ya managu yenye mbegu za maboga zilizokaangwa na kusagwa, kitu ambacho sikuwahi kukifikiria maishani. Niliisoma nimesimama. Nikaenda kununua mbegu. Jioni mume wangu alikula, akachukua ugali akapangusa sahani, akapangusa na sufuria.

"Leo umefanyaje?" akauliza.

"Si mimi. Ni mtu wa Kipkelion."

"Mwambie aandike nyingine."

Nikaandika makala pale pale mezani, nikaipa kichwa "Managu Kuliko Yangu", nikaweka linki. Kesho yake nilipika sufuria nzima kibandani. Iliisha kabla wateja wa zamu ya pili kiwandani hawajafika, ikabidi niwape maharagwe na kuwaomba wawahi kesho.